Kabla Hujafungua Akaunti Nyingine, Tengeneza Barua Pepe Yako

Anayejifunza intaneti kwa kawaida huanzia panapovutia: video, mitandao ya kijamii, kutafuta habari. Barua pepe hufunguliwa chapuchapu, mara nyingi na mtu mwingine, kwa neno la siri analolijua yeye. Hapo ndipo matatizo huzaliwa. Ukisahau neno la siri la huduma nyingine, kiungo cha kulibadilisha kwa kawaida hutumwa kwenye barua pepe, kwa hiyo anayeishika barua pepe yako anaweza kupita kwingine kote.

Basi ifungue mwenyewe. Neno la siri liwe refu: maneno manne au matano yasiyohusiana yanashinda neno fupi lililojaa alama za ajabu ajabu. Usilitumie popote pengine. Tovuti moja dhaifu ikidukuliwa, wahalifu huzijaribu anwani na maneno ya siri yaliyoibwa kwenye huduma nyingine, tena kwa programu, bila hata kujua wewe ni nani. Ukiogopa kulisahau, liandike kwenye daftari linalokaa ndani. Wapo watakaokukemea kwa hilo; mimi naona mdukuzi aliye mbali hana namna ya kufungua kabati lako.

Halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ukishaandika neno la siri unaombwa pia tarakimu za muda. Tarakimu zinazokuja kwa SMS zinafaa kuanzia, ila programu inayozitoa ndani ya simu yenyewe ni salama zaidi, maana laini huweza kuhamishwa kwa ulaghai, na namba iliyoachwa muda mrefu huweza kugawiwa mteja mwingine. Misimbo ya akiba, yaani ile ya kuingilia akaunti simu ikipotea, ichapishe leo, simu ikiwa bado mkononi.

Ni vyema pia kujua kipi ni kipi. Intaneti ni miundombinu inayounganisha kompyuta. Wavuti, ambao Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, ni huduma moja tu inayopita humo. Barua pepe ni ya zamani kuliko wavuti: mtaalamu wa kompyuta Ray Tomlinson alitumia alama ya @ katika anwani mwaka 1971. Kwa hiyo ukurasa ukigoma kufunguka, usiseme mtandao umekatika kabla hujajaribu tovuti nyingine au programu nyingine.

Kivinjari nacho si injini ya utafutaji. Kivinjari hufungua kurasa. Injini ya utafutaji ni tovuti inayokuorodheshea kurasa, na orodha hiyo huweza kuanza na matangazo ya kulipiwa, yakiwemo ya matapeli. Anwani unayoijua iandike mwenyewe juu ya kivinjari. Isome kuanzia mwisho wa jina, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina hilo: benki.example.com ni ya mwenye example.com, hata neno benki likitangulia. Alama ya kufuli inaonyesha kuwa mawasiliano yamefichwa njiani. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti, na tapeli naye anaweza kuipata.

Hali fiche ya kivinjari (incognito)? Haihifadhi historia kwenye kifaa chako, basi. Mtoa huduma ya intaneti bado anaweza kuona tovuti unazotembelea.

Kabla ya kulipia kasi fulani, kumbuka kwamba kasi hutajwa kwa biti, na ukubwa wa mafaili kwa baiti, yaani biti 8. Megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti 1 kwa sekunde. Faili la megabaiti 600 litachukua dakika 10, mambo yakienda sawa.

Mwisho, picha na hati. Huduma inayosawazisha vifaa vyako si nakala rudufu kamili: ukifuta picha kwenye simu, inaweza kufutika na kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Weka nakala nyingine kwenye diski isiyochomekwa muda wote, kisha jaribu kufungua mafaili mawili matatu ukiwa kwenye kompyuta nyingine kabla hujafuta chochote kwenye simu.