Benki imekuandikia kuhusu nyumba? Fuata hatua hizi kabla ya mnada

Mama mmoja aliingia ofisini kwetu na kikapu cha sokoni. Chini ya sukuma wiki mlikuwa na bahasha nne za benki, tatu hazijafunguliwa. "Mwanangu, nilidhani nisipozisoma hazihesabiki." Zinahesabika. Ukishakabidhiwa, siku zinakwenda, usome usisome.

Kazi yangu ni kesi za rehani, hapa Kenya. Ule unafuu wa mikopo wa wakati wa Korona uliotangazwa Machi 2020 ulikwisha Machi 2021, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba bado upo. Kinga uliyo nayo leo imo katika Sheria ya Ardhi ya 2012, na sehemu yake kubwa ni muda.

Hatua ya 1: Panga barua kwa tarehe. Andika kila moja ilipokewa lini na nani. Bahasha usitupe, muhuri wa posta ni ushahidi.

Hatua ya 2: Jua umeshika barua gani. Ukikaa mwezi mzima bila kulipa, benki inaweza kukupa ilani ya kifungu cha 90. Lazima itaje kosa lako, kiasi cha kulipa, na ikupe muda usiopungua miezi mitatu. Usipolipa, inafuata ilani ya kuuza ya kifungu cha 96, siku 40. Kisha dalali naye hukupa siku 45 za kukomboa nyumba. Watu humwona dalali getini wakaanza kufunga virago. Bado! Ilani hizo zikifuatana sawasawa, ni karibu miezi sita.

Angalia pia saini. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani halali kama mume au mke anayeishi humo hakutia saini wala kuridhia, na ilani ya siku 40 lazima imfikie yeye pia.

Hatua ya 3: Dai stetimenti nzima, tangu siku ya kwanza. Hapa ndipo penye pesa, na ndipo watu wanapochoka kusoma. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaiwekea riba kikomo. Tuseme mkopo ulipoanza kuhesabiwa mbovu, yaani haulipwi tena inavyotakiwa, ulikuwa unadaiwa shilingi milioni 3. Kuanzia hapo riba haiwezi kuzidi milioni 3 nyingine, na juu yake ni gharama za kudai tu. Ukiona milioni 8 na hakuna anayekueleza zimetoka wapi, hiyo ni hoja.

Hatua ya 4: Iandikie benki ungali ndani ya ile miezi mitatu. Usiende na "nisaidieni" mkononi. Peleka karatasi moja: unapata kiasi gani sasa, utalipa kiasi gani kwa mwezi, kuanzia tarehe gani. Omba muda wa mkopo urefushwe. Lipa chochote wiki hiyohiyo, hata kama ni kidogo. Wakikubali, iwe kwa maandishi; ahadi ya afisa kwenye simu haimzuii dalali.

Hatua ya 5: Hesabu zikikataa, uza mwenyewe. Tafuta mnunuzi, benki iridhie kwa maandishi, deni likatwe kwenye bei. Mnadani, benki lazima ithaminishe nyumba kwanza, na ikiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huchukuliwa kuwa imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Lakini kuja kulidai hilo baadaye ni kesi ya miaka.

Hatua ya 6: Mahakama. Hakimu hatoi zuio kwa sababu umekwama. Anataka kasoro: ilani haikukufikia, mwenzi hakuridhia, riba imepita kikomo. Nenda na wakili, tena mapema, si asubuhi ya mnada.

Yule mama alikuwa amebakiwa na siku 19 za dalali. Hatukuona kasoro yoyote kwenye ilani, basi tukaruka hadi hatua ya 5. Jirani yake ndiye aliyenunua.