Nyenze wetu alivyohamia Sudani: kuchora ramani ya anakoishi

“Yaya, mbona nyenze yetu iko Sudani?” Mdogo wangu alikuwa ameduwaa mbele ya kompyuta, hapa Lubumbashi. Kazi yake ya chuo: kuonyesha anakoishi Ioba leopardina, nyenze mkubwa wa misitu ya miombo. Basi fuata hivi.

Hatua ya 1. Pakua rekodi za spishi kutoka GBIF, hazina ya mtandaoni ya rekodi za viumbe, uongeze za kwako. Rekodi ya “nilimsikia tu” mimi siikubali. Anayeimba ni dume peke yake, na aina kadhaa huweza kuimba pamoja. Lete picha ya mabawa.

Hatua ya 2. Kagua namba za mahali, moja moja. Hapa ndipo tulipokesha. Lubumbashi ipo latitudo -11.66, longitudo 27.48. Ukisahau alama ya kutoa, inayoonyesha kusini mwa ikweta, nyenze anaruka hadi Kordofani, Sudani. Ukibadilishanisha namba hizo, anatua Sahara Magharibi. Tulirekebisha, mara tukamkuta Bahari ya Hindi! Kompyuta zetu ziko kwa Kifaransa, desimali inaandikwa kwa mkato: -11,66. Faili letu la CSV (jedwali la maandishi matupu) nalo lilitenganisha safu kwa mkato, kwa hiyo programu ilisoma latitudo -11, longitudo 66. Andika desimali kwa nukta, safu zitenganishwe kwa nukta-mkato. Tumia LibreOffice, inakuuliza kitenganishi kabla ya kufungua faili, Excel hujiamulia.

Halafu kuna vibandiko vya zamani vya wadudu wa makumbusho, vyenye majina ya kale ya mahali. Elisabethville ni Lubumbashi, Jadotville ni Likasi, Shaba (1971–1997) ni Katanga, mkoa uliogawanywa mwaka 2015. Albertville ni Kalemie, ila ukiitafuta kwenye intaneti unaweza kupelekwa Albertville ya Ufaransa, kwenye milima ya Alpi. Tena kibandiko kikisema “Elisabethville” basi, usimweke nyenze katikati ya jiji kana kwamba alikamatwa posta. Andika pembeni kwamba huenda ni kilomita kadhaa kutoka hapo.

Hatua ya 3. Ingiza faili kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani. X ni longitudo, Y ni latitudo.

Hatua ya 4. Wengi sasa huzungushia nukta za rekodi mstari na kupaka rangi ndani. Mimi sifanyi hivyo. Miombo inatoka Angola hadi Msumbiji, lakini nukta zinafuata barabara walizopita watu. Ziweke juu ya ramani ya misitu, penye utupu paache tupu. Mdogo wangu alitaka kupaka kijani mpaka mji wa Kolwezi. Nikamwambia aende kwanza na kamera, mvua zikianza.

“Na tiketi, yaya?”