Sayansi ya jamii Ujerumani: ogopa mtihani wa takwimu wa mara ya tatu

Kila dirisha la udahili likikaribia napigiwa simu kutoka nyumbani. Kijana kamaliza Form Six, alichukua HGL (historia, jiografia na Kiingereza), hesabu aliiaga Form Four na hataki kuisikia tena. Wazazi wameambiwa Ujerumani chuo ni bure, basi wanataka aje asome sosholojia au siasa kwa sababu "huko ni kusoma tu na kuandika, hakuna mahesabu." Habari ya chuo bure ina ukweli wake. Hiyo ya mahesabu si kweli, na ndiyo inayowatoa watoto wa watu chuoni.

Mambo mepesi niyamalize haraka. Cheti chako kiangalie kwenye anabin, hifadhidata ya Wajerumani ya kulinganisha vyeti vya nje, kabla hujaanza kutangaza safari. Vyuo vingi hupokea maombi ya wageni kupitia uni-assist, shirika linalokagua maombi kwa niaba yao: yuro 75 chuo cha kwanza, yuro 30 kila kinachofuata. Cheti kikionekana hakilingani na cha kwao, utapita Studienkolleg, yaani masomo ya maandalizi kabla ya chuo, kwa kawaida mwaka mmoja, na mkondo wa sayansi ya jamii ni ule wa W pamoja na uchumi. Shahada za kwanza karibu zote zinafundishwa kwa Kijerumani, kwa hiyo jiandae na mtihani wa lugha, DSH-2 au TestDaF ya 4 kwenye sehemu zote nne. Ada hakuna kwenye vyuo vingi vya umma, ila kuna mchango wa muhula, na jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kila muhula. Bima, kujiandikisha manispaa, kibali cha ukaazi: foleni tu hizo, zinachosha lakini haziui.

Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa, nayo niiseme kwa ajili ya ndugu zetu. Kwa viza, kijana anatakiwa aonyeshe yuro 11,904 za mwaka mzima, zikae humo, azitoe yuro 992 kila mwezi. Shangazi, mjomba, nawaheshimu sana, lakini huo si mshahara na wala si bumu la mkopo wa chuo. Ni hela zile zile mlizochanga au mlizouzia kiwanja, zinamrudia kwa mafungu, na nusu yake inaweza kuishia kwenye kodi ya chumba. Mtoto akisema hana, hana. Kazi anaruhusiwa, siku 140 nzima kwa mwaka au nusu-siku 280, lakini mkimsukuma afanye kazi zote hizo ili atume nyumbani, mjue mnakula muda wake wa takwimu. Na takwimu ndiyo ninayoijia sasa.

Shahada hii ni mihula sita, pointi 180. Waasisi wa sosholojia, Max Weber utamsoma, Simmel utamsoma, utaandika insha za kurasa 15 wakati wa likizo huku wenzako wako ziwani. Hayo yote mtoto wa HGL anayaweza, tena vizuri. Sijamwona hata mmoja aliyefukuzwa kwa sababu ya Weber. Wanaofukuzwa wanafukuzwa na moduli za mbinu za utafiti na takwimu, ambazo kwenye sosholojia huanza mapema kabisa. Utapewa data za ALLBUS, utafiti wa maoni ya wananchi wanaoufanya tangu 1980, uambiwe uoneshe kama elimu ya mzazi inaeleza kipato cha mtoto, kwa programu ya R au Stata, halafu utetee kwa nini umechagua kipimo hicho na si kingine. Kwa Kijerumani.

Sasa sikiliza vizuri. Nyumbani ukifeli kuna sapu, mtihani wa marudio. Ukifeli sapu unakeri, somo unalibeba mwaka unaofuata. Kudisko, yaani kuondolewa chuo, kupo, lakini ukidisko chuo kimoja unapumzika, unaomba kingine, maisha yanaendelea. Huku mtihani wa lazima una majaribio ya kuhesabika, mara nyingi matatu, sehemu nyingine mawili. Ukifeli la mwisho unaandikiwa kwamba umefeli moja kwa moja, unaondolewa kwenye orodha ya wanafunzi, na kwa kawaida huwezi kusoma fani hiyo tena kwenye chuo kikuu kingine chochote Ujerumani. Narudia: si chuo hicho tu. Ukiomba kuhamia kwingine wanadai hati kutoka chuo cha zamani inayoonyesha kwamba bado una haki ya kufanya mitihani ya fani hiyo, na hati hiyo hutaipata. Ofisi ya wageni nayo inaingia, maana kibali chako kilitolewa kwa ajili ya masomo hayo. Sasa unajieleza mbele ya ofisi mbili kwa wakati mmoja.

Na mtego wenyewe ni kwamba jaribio linaweza kuhesabiwa bila wewe kushika kalamu. Kwa mtihani unajisajili wewe mwenyewe kwenye mfumo wa chuo, na kuna tarehe ya mwisho ya kujitoa. Ikipita hiyo tarehe na hukutokea, unapewa 5.0, yaani umefeli. (Maksi zao zinakwenda kama divisheni zetu, 1 ndiyo nzuri, 4.0 ndiyo ya mwisho kupita.) Vyuo vingine, ukifeli mara ya kwanza, wanakusajili wenyewe kwa marudio bila kukuuliza. Kwa hiyo ukikaa kimya ukidhani umeahirisha, jaribio la pili limekwenda. Ingia kwenye mfumo uangalie. Kila muhula, angalia.

Mimi lilinipata kwa upande wa ugonjwa. Asubuhi ya jaribio la pili niliamka na homa, meno yanagongana. Nikaenda kwa daktari, akanipima, akanipa karatasi ya mapumziko ambayo Ujerumani nzima inaijua, ile aliyokuwa anapewa mwajiri. Kesho yake nikaipeleka ofisi ya mitihani. Mama wa dirishani akaigonga mhuri wa kupokelewa, akaitia kwenye trei, akanitakia nipone haraka. Wiki kadhaa baadaye ikaja barua: 5.0. Karatasi ya mwajiri inasema huwezi kufanya kazi. Wao wanataka fomu yao wenyewe, ambayo daktari anaandika dalili na jinsi zinavyokuzuia kufanya mtihani: huwezi kukaa kitako saa mbili, huwezi kutuliza akili, una homa ya kiasi gani. Bila hiyo fomu, kwao hukuumwa, hukutokea tu. Niliuliza mbona aliyepokea hakuniambia. Jibu ni kwamba kazi yake ni kupokea.

Nilikata rufaa, ikakataliwa. Jaribio la tatu nililifanya nikiwa sijalala usiku wake, nikapita kwa 3.7. Mwenzangu mmoja wa Nairobi, aliyekuwa ananizidi kwa kila kitu kinachohitaji ulimi, hakupita. Leo yuko kwenye mafunzo ya uuguzi, anaendelea vizuri, lakini miaka yake miwili ya sosholojia haikumpa cheti chochote.

Basi shika haya. Fomu ya ugonjwa ya chuo chako ipakue wiki ya kwanza, ichapishe, iweke karibu na pasipoti. Ukiumwa, nenda nayo kwa daktari siku ile ile ya mtihani, si kesho yake, na uipeleke ofisini mara moja. Sehemu nyingi wanatoa siku tatu hivi, wengine hawana subira hiyo. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba imekubaliwa. Mhuri wa kupokelewa si kukubaliwa. Na ukiwa mgonjwa usiingie kwenye chumba cha mtihani "kujaribu bahati" kama tulivyozoea kujikaza. Ukishaanza kuandika ukijua unaumwa, mara nyingi huwezi tena kudai ulikuwa mgonjwa.

Ikija barua ya kufelishwa, isome mpaka mwisho. Sehemu ya chini imeandikwa muda wa kupinga na wapi pa kupinga. Kwa kawaida ni mwezi mmoja. Nenda kwenye chama cha wanafunzi, AStA, wengi wana ushauri wa kisheria bure. Usiende na mchungaji wala balozi wa nyumba kumi. Ninasema kwa sababu nimeona mzazi anataka kupiga simu Dar ili "mtu mkubwa azungumze nao."

Nimeishi nao vya kutosha kusema hili: Mjerumani hakufichi kitu. Amekiandika kwenye kanuni za mitihani za kurasa 40, ameziweka kwenye tovuti, basi kwake amemaliza. Hakuna mwalimu wa kukuita pembeni akuambie kijana unapotea. Ukishafika 18 wewe ni mtu mzima, na mtu mzima anasoma kanuni. Sisi tumelelewa kwenye mazingira ambayo kanuni inatoka mdomoni mwa mtu, tunamsubiri huyo mtu, na haji. Sijui kama napenda mtindo wao. Kuna heshima ndani yake, na kuna ubaridi. Ajabu ni kwamba watu hao hao wana robo saa rasmi ya kuchelewa: kipindi cha saa nne asubuhi kikiandikwa c.t. kinaanza saa nne na robo, na hakuna anayeona haya. Mhadhara ukiisha wanagonga meza kwa vifundo vya vidole badala ya kupiga makofi. Mara ya kwanza nilidhani kuna fujo.

Kama umeshafeli mara mbili na unaona kabisa la tatu hulimudu, kuna mlango wengi hawaambiwi: badili fani kabla ya jaribio la mwisho, si baada yake. Ukiwa na jaribio moja mkononi hujafungiwa kitu. Pita ofisi ya wageni kwanza ujue kubadili kutagusaje kibali chako, halafu tafuta fani yenye takwimu kidogo. Ethnolojia, somo la tamaduni za watu, ni mojawapo. Masomo ya Afrika yapo Bayreuth, Leipzig, Hamburg na kwingineko, na Kiswahili kinafundishwa humo. Baadhi ya moduli ulizopita zinaweza kuhamishwa, omba kwa maandishi. Nyumbani watauliza umekwenda Ulaya kusoma Afrika? Waambie ndiyo, halafu kata simu. Unazo tarehe za kujisajili za kuangalia.