Kabla ya Kumfungua Mdomo Kuku Mgonjwa

Kuku akianza kudonoa mahindi na kuyaachia, akitikisa kichwa kila anapojaribu kumeza, na mdomo ukitoa harufu, watu wengi hufanya mambo mawili kwa haraka: hukwangua kwa ukucha ule utando wa manjano, kisha humimina dawa kooni. Yote mawili huua. Kidonda kilichokwanguliwa huvuja damu na kuvimba hadi njia ya hewa izibe, na dawa iliyomiminwa huishia mapafuni. Kazi kubwa basi iko kabla ya kumshika: kujua unachoenda kutazama, kuwa na vifaa karibu, na kujua ni lini hupaswi kumgusa kabisa.

Anza kwa kuwatazama wenzake. Mgonjwa akiwa mmoja na wengine wanakula kama kawaida, endelea. Lakini wakianguka wawili watatu ndani ya siku mbili, wakiharisha kijani, shingo zikipinda au wakivuta pumzi kwa kukoroma, acha habari ya mdomo. Hapo unafikiria kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, au jambo zito zaidi. Januari 2017 mafua makali ya ndege ya aina ya H5N8 yalithibitishwa Uganda, kwa ndege pori wa kando ya Ziwa Victoria na kwa kuku na bata wa kufugwa upande wa Masaka. Katika hali kama hiyo kuku habebwi kwenda popote. Daktari wa mifugo wa gombolola (kata) ndiye anayeitwa aje.

Kabla ya kumkagua mgonjwa, mkamate kuku mzima umwangalie mdomoni. Utaona kwenye kaakaa ufa mrefu wenye vijimeno laini pembeni vinavyoelekea nyuma. Huo si uvimbe wala kidonda, ndivyo alivyoumbwa. Pua zake hupitia hapo. Kuna waliouchokonoa ufa huo kwa pamba wakidhani wanasafisha ugonjwa. Kisha tazama sakafu ya mdomo, nyuma tu ya shina la ulimi, katikati kabisa: kuna tundu dogo linalofunguka na kufumba. Hiyo ndiyo njia ya hewa, na kuku hana kifuniko cha kuilinda kama alicho nacho binadamu. Njia ya chakula iko nyuma yake na huelekea upande wa kulia wa kuku, lilipo gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Ukishaliona tundu hilo kwa macho yako, hutamimina kitu katikati ya mdomo tena.

Sasa, utando wenyewe. Magonjwa yanayofanana mdomoni yana dawa tofauti, na mengine hayana dawa kabisa.

Ukiona vipande vinene vya manjano kama jibini iliyochacha, harufu yake ya kuoza, na kuku anameza kwa kunyoosha shingo, shuku kwanza kijidudu kiitwacho trikomonasi. Wenyeji wake hasa ni njiwa na hua. Wakinywa kwenye chombo cha kuku, humwachia kijidudu majini; kikikauka hufa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni dogo tu: je, njiwa wa jirani hutua kwenye maji ya kuku wako?

Ndui ya kuku nayo hutoa utando wa manjano, lakini umeng'ang'ania nyama. Ukiuvuta, damu inatoka papo hapo. Tafuta ushahidi nje ya mdomo: vipele vyeusi vilivyokauka kwenye upanga wa kichwani, kwenye ndevu nyekundu za kidevuni, au pembeni mwa macho, ingawa mara nyingine ndui hukaa ndani peke yake. Huenezwa na mbu, ndiyo maana huonekana zaidi mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba zinapojaza madimbwi. Ni ugonjwa wa virusi, hauna dawa. Unamtunza kuku apite, na wengi hupona baada ya wiki tatu au nne iwapo koo halikuzibwa.

Vipele vidogo vyeupe vya milimita moja au mbili, vingi, vimetapakaa kaakaani na kooni, pamoja na macho yenye majimaji au uchafu mzito, huashiria upungufu wa vitamini A. Hili hutokea sana kwa kuku anayeishi kwa pumba za mahindi na mabaki ya posho (ugali). Mahindi yetu mengi ni meupe, na mahindi meupe hayana ile rangi ya njano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Dodo (mchicha), sukuma na majani ya viazi yaliyokatwa laini, pamoja na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa na kupondwa, ni chakula na tiba kwa wakati mmoja.

Kuvu huleta utando mweupe laini, gole likiwa limejaa na kunuka uchachu. Mara nyingi hufuata baada ya antibiotiki za muda mrefu. Na usisahau lililo rahisi kuliko yote: uzi uliozunguka shina la ulimi, mwiba, kipande cha waya. Uzi ukiwa umeningʼinia tu, unakatwa kwa mkasi wenye ncha butu. Uzi ulioelekea kooni hauvutwi, kwa sababu hujui umeshika nini huko chini.

Vifaa vinavyohitajika havina gharama kubwa. Tafuta boksi la karatasi ngumu la kama sentimita 60 kwa 45, lenye matundu ya hewa juu ya mabega ya kuku. Chini tandika magazeti au kitambaa, si makapi ya kahawa. Makapi ni matandiko mazuri bandani yakiwa makavu, lakini yana vumbi, yakilowana huota ukungu unaoshambulia mapafu, na tena huficha kinyesi unachotaka kukiona kila asubuhi. Andaa taulo, tochi ya simu, glavu, vijiti vya pamba, mabomba mawili ya sindano ya mililita 5 yasiyo na sindano, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), na mizani. Mizani ya kuning'iniza ya sokoni inafaa: mtie kuku kwenye mfuko, pima, toa uzito wa mfuko. Mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike. Kuku wa kienyeji wa kilo 1.8 akishuka gramu 180, yaani sehemu moja ya kumi, muda wa kujaribujaribu nyumbani umekwisha.

Joto nalo liandaliwe mapema. Mgonjwa asiyekula hupoteza joto haraka, na boksini anahitaji kama nyuzi 27 hadi 30. Taa hutosha umeme ukiwepo. Ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, upande mmoja tu wa boksi ili aweze kusogea akizidiwa. Sigiri ya mkaa isiingizwe chumba alimo. Hewa ya mkaa humlaza kuku kabla wewe hujasikia hata kichwa kuuma. Kabale na nyanda nyingine za baridi, tayarisha chupa mbili za kubadilishana usiku.

Kumshika kunahitaji watu wawili. Mmoja amzungushie taulo akizuia mabawa, lakini asikibane kidari. Kuku hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Hupumua kwa kidari kupanda na kushuka, hivyo ukikibana unamnyonga bila kumgusa shingo. Wa pili aweke kidole gumba na cha shahada kwenye pembe za mdomo, taya zinapokutana, abonyeze taratibu hadi ufunguke. Ukikataa, ndevu zikivutwa chini kidogo husaidia. Usivute taya la chini kwa nguvu, lina mfupa mwembamba. Tazama sekunde kumi, piga picha, mwachie apumzike. Upanga ukigeuka zambarau au akianza kupumua kwa mdomo wazi, mrudishe boksini, hata kama hujamaliza kukagua.

Kusafisha kunahusu mabaki yaliyo huru tu: kijiti cha pamba kilicholowana, si kinachochuruzika. Maji yake ni nusu lita iliyochemshwa na kupozwa, pamoja na kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa. Kilichoshika kiache.

Kuhusu kula, anza na gole. Alfajiri linatakiwa liwe tupu, laini, limenywea. Likiwa bado limejaa na linanuka, usiongeze chakula juu yake. Hilo ni la daktari. Likiwa tupu, lainisha chakula cha kuku kwa maji ya vuguvugu kiwe kama uji mzito usio na punje, ongeza kiini cha yai kilichochemshwa au dagaa wa mukene waliosagwa na kuchekechwa. Kuku mkubwa mzima hula kama gramu 100 hadi 120 kwa siku na kunywa robo lita ya maji au karibu yake; mgonjwa atachukua kidogo kidogo, mara tano sita. Asiyekunywa mwenyewe, dondosha tone moja pembeni mwa ncha ya mdomo, subiri alimeze, ndipo lifuate jingine. ORS ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Usiikadirie kwa jicho, kwani chumvi ikizidi humdhuru kuku, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwage.

Pilipili kwenye maji ni desturi ya vijiji vingi, lakini kuku hausikii ukali wake kama binadamu, na haitibu ugonjwa wowote kati ya hayo. Majivu, ndimu na majani machungu ya mululuza ni vibaya zaidi: kuku mwenye vidonda mdomoni anaweza kukataa maji na kufa kwa kiu kabla ya ugonjwa.

Dukani utauziwa antibiotiki ya unga hata kabla hujamaliza kueleza. Haigusi trikomonasi, haigusi ndui, na kuvu huishamirisha. Dawa za trikomonasi zipo, zikiwemo za jamii ya metronidazo, lakini hupimwa kwa uzito wa kuku na daktari. Kidonge cha binadamu cha miligramu 200 kikigawanywa kwa wembe hakitoi vipande sawa. Muulize pia kuhusu mayai na nyama: sehemu nyingi za dunia dawa hizo haziruhusiwi kwa mnyama wa kuliwa, kwa hiyo kuku aliyetibiwa nazo ahesabiwe kuwa rafiki wa nyumbani, si kitoweo. Nunua kwenye duka lenye leseni ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, na usome tarehe ya mwisho kabla ya kulipa.

Unapompeleka kwa daktari, mpeleke kuku mwenyewe na siyo pamba iliyokaukia kwenye karatasi. Trikomonasi hutambuliwa kwa darubini kikiwa bado kinaogelea katika mate yenye joto. Kikipoa, hakionekani tena kirahisi. Na kwenye boda akae wima ndani ya boksi. Kumning'iniza miguu juu kwenye usukani, kama wanavyobebwa kuku wa sokoni, hurudisha yaliyomo goleni hadi kwenye lile tundu la hewa.

Nyumbani, wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho. Vyombo vyake vioshwe kwa sabuni, kisha vilowekwe dakika 15 katika maji yenye mililita 30 za jiki kwa lita, visuuzwe na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa. Sabuni hutangulia kwa sababu uchafu huimaliza nguvu jiki. Maji ya kuku wote yahamishiwe chini ya paa, njiwa wasikofika, na yabadilishwe kila siku.

Akifa, usimtupe kinamasini wala usiwape mbwa. Mfunge kwenye mifuko miwili, mweke penye barafu bila kumgandisha, na mpigie daktari siku hiyo hiyo akuelekeze pa kumpeleka. Maabara ya taifa ya magonjwa ya mifugo iko Entebbe, na chuo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Makerere kiko Kampala. Mzoga wa zaidi ya siku moja kwenye joto huwa hausemi kitu tena.