Jana ulikula nini, na kiasi gani? Kupima mlo wa watu nyumba kwa nyumba Mombasa

Kila takwimu ya lishe ya taifa huanzia mlangoni kwa mtu: mdodosaji amebisha hodi, amekaribishwa, na sasa anauliza kilicholiwa jana. Nimesimamia wadodosaji wa namna hiyo hapa Mombasa, Likoni hadi Kisauni, na haya nawaandikia vijana mnaoingia nyanjani kwa mara ya kwanza. Kutaja vyakula ni kazi nyepesi. Kazi yenyewe ni kiasi, na mkikosea kiasi jikoni hakuna kompyuta Nairobi itakayokirekebisha.

Mtaulizwa kwa nini tujisumbue hivi. Ngano na mchele mwingi unaoliwa nchini hushushwa hapa Kilindini, na meli zina hesabu zake. Kweli, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hutengeneza mizania ya chakula: mavuno ya nchi, jumlisha kilichoagizwa kutoka nje, toa kilichouzwa nje, mbegu, chakula cha mifugo na kilichoharibika, kisha gawa kwa idadi ya watu. Mizania hiyo inafaa kwa kujua chakula kilichopo nchini. Haijui lakini kwamba baba kapewa mnofu wa samaki na mkaza mwana kala wali na mchuzi. Anayetaka kujua hilo lazima aingie ndani.

Kabla ya kuingia, andaa vifaa. Mzani wa dijitali unaosoma gramu moja moja, na betri za akiba. Jagi lenye alama za mililita. Mchele mkavu kilo moja kwenye mfuko. Vijiko, upawa na bakuli za aina wanazotumia watu, ambazo wewe mwenyewe umeshazipima zinabeba nini. Picha za sahani husaidia, ila mimi naamini zaidi kitu ambacho mhojiwa anakishika mkononi.

Mahojiano ni ya kukumbuka mlo wa saa 24, na yanapita juu ya siku ile ile zaidi ya mara moja. Kwanza mwache mtu ataje alichokula bila kumkatiza. Kisha rudi kwa vile vinavyosahauliwa, halafu saa na mahali, halafu kiasi, na mwisho msomee yote aongeze au apunguze. Mipaka ya siku iweke wazi: tangu alipoamka jana mpaka alipoamka leo. Ukisema "usiku wa Ijumaa" kwa mtu wa hapa, wengi watakuelewa usiku wa Alhamisi, na utaandika mlo wa siku nyingine. Kwa nyumba za Waislamu, adhana ni vigingi vizuri kuliko saa: baada ya alfajiri ulikula nini, baada ya adhuhuri, alasiri, magharibi, baada ya isha mpaka ukalala. Kwa wengine tumia safari ya kazini, foleni ya feri, watoto kutoka shule.

Sikiliza haya, ambayo huyapata karibu kila mtaa:

"Shikamoo mama. Jana asubuhi ulikula nini?"

"Marahaba. Nilikunywa chai tu, mwanangu."

"Chai na nini, mama?"

"Na mahamri mawili. Na mbaazi kidogo zilizobaki za usiku."

Mbaazi zile zina tui, na chai ina sukari. Usikubali "kijiko kimoja". Mpe kijiko na sukari akuonyeshe. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 4, cha mlima huweza kukaribia mara mbili yake. Uso wako usibadilike akichota vitatu. Mtu akihisi unamhukumu, kuanzia hapo atakutajia mboga tupu.

Vinavyosahauliwa hapa kwetu navijua kwa majina: njugu na muhogo wa kukaanga wa kwenye feri, mabuyu, achari ya embe, dafu, maji ya miwa, kahawa tungu na kashata barazani. Vitaje kimoja kimoja.

Sasa wali wa nazi, ambao ndio unaoharibu hesabu nyingi. Mwombe mpishi, si mhojiwa kama ni watu wawili, akueleze alivyopika: mchele kilo ngapi, nazi ngapi, amekamua mara ngapi, tui zito liliingia wapi na jepesi wapi. Nazi nzima usiiandike, kwa sababu mafuta mengine yamebaki kwenye machicha yaliyotupwa. Andika tui. Kama ni la pakiti, omba uione pakiti. Kisha mwombe alete sufuria ile ile ya jana, aonyeshe wali ulifika wapi, mjaze maji mpaka pale na muyapime kwa jagi. Maji ya Mombasa kwa wengi ni ya kununua, kwa hiyo tumieni safi, na kila tone lirudi ndooni.

Tuseme yametoka lita 6.5. Umeshapika wali wa nazi mwenyewe kwenye mafunzo na ukaona lita moja ina uzito wa gramu 800. Basi chungu kilikuwa na kilo 5.2. Mama amekula gramu 400, sehemu moja ya kumi na tatu. Kama mchele mkavu ulikuwa kilo 2, fungu lake ni gramu 154 za mchele, na tui vivyo hivyo.

Lakini hizo gramu 400 umezipataje, ikiwa wamekula sinia moja, watu sita? Hapa usiharakishe. Kugawa kwa sita ni kosa, maana mkono wa mtoto wa miaka saba si mkono wa kaka yake. Mimi humwomba mama achukue ule mchele mkavu na afinyange tonge kama la jana. Mchele mkavu haushikani, basi anaweka kiganjani kiasi kile kile, naumimina kwenye kikombe chenye alama, nasoma ujazo na kuugeuza kuwa uzito wa wali uliopikwa. Kisha tunahesabu matonge pamoja, taratibu: alianza na wenzake? aliinuka kumpa mtoto maji? alirudi? Nikishapata jibu nalilinganisha na sinia zima: wote sita wakila hivi, je, wali ungetosha au ungebaki? Kama hesabu inataka kilo 3 na sinia lilikuwa na 2, tunaanza tena.

Kitoweo kiulize peke yake kabisa. Wali hugawanywa na mikono, samaki hugawanywa na mtu. Nani alimega, nani alipata kichwa, nani alipata mkia, mama mwenyewe alijiwekea nini. Ukiunganisha wali na samaki kwenye swali moja, utampa kila mtu samaki sawa na utaficha upungufu ule ule uliotumwa kuutafuta.

Vya barabarani watu huvikumbuka kwa bei: viazi karai vya hamsini, bhajia za mia. Basi kabla ya utafiti nunueni vya bei hizo kwa wauzaji kadhaa Kongowea, Mwembe Tayari na Likoni, mpime, mchukue wastani wa kila eneo. Mafuta yaliyonyonywa na mahamri hupatikana kwa kupima mafuta ya karai kabla na baada ya kukaanga. Unga nao uliza kama ni wa pakiti au wa kusaga kinuni. Tangu 2012 unga wa viwandani unatakiwa kisheria kuongezwa vitamini na madini, na wa posho mill ya mtaani mara nyingi hauna.

Siku zigawanyeni sawa katika wiki, Ijumaa na Jumapili zikiwemo, maana pilau ina siku zake. Misimu pia: wakati wa kusi bahari huchafuka na samaki huadimika na kupanda bei, wakati wa kaskazi hupatikana. Utafiti wa mwezi mmoja utaupima upepo. Ramadhani, yenye futari na daku, ichambuliwe peke yake.

Siku moja ya mtu haisemi desturi yake. Ikijumlishwa na maelfu mengine inatoa wastani wa kundi, na hapo tu. Ukitaka kujua ni wangapi hawafikii mahitaji ya chuma au vitamini A, rudi kwa baadhi yao siku nyingine isiyofuatana na ya kwanza, ili mchambuzi atenganishe mabadiliko ya siku hadi siku na tofauti za mtu na mtu. Gramu zinageuzwa virutubishi kwa jedwali la vyakula vya Kenya la 2018. Andika kama chakula kilikuwa kibichi au kimepikwa, na kama mfupa umetolewa.

Chumvi usiiulize kabisa. Ni ya kutia kwa vidole na hakuna aijuaye. Panapokuwa na fedha hukusanywa mkojo wa saa 24, kwa kuwa karibu asilimia 90 ya sodiamu iliyoliwa hutokea humo.

Jioni, kabla ya kuondoka mtaani, someni madodoso wenyewe kwa wenyewe. Mpagazi wa mizigo sokoni aliyeandikwa kilokalori 700 kwa siku nzima hakuweza kubeba gunia kwa hizo. Uliza kama alikuwa mgonjwa au amefunga. Kama sivyo, mdodosaji arudi kesho asubuhi, aombe radhi kwa usumbufu, na aanze na kilicholiwa kazini, mbali na mkewe.