GLIBC ya zamani kwenye Debian 12: usiiguse, izunguke

Seva ninayoitunza ni ya SACCOS ya mtaani kwetu, Morogoro. Ina Debian 12, mfumo wa Linux, na imetulia. Kero huja ukishusha programu mpya, ukaiendesha, nayo ikakujibu:

version `GLIBC_2.38' not found

GLIBC ni maktaba ya msingi ambayo programu za Linux huiegemea; hapo programu inadai toleo la 2.38, na seva haina. Mara ya kwanza nilifanya kosa ambalo sitaki ulirudie. Nilichukua libc.so.6, faili kuu la maktaba hiyo, ya kompyuta nyingine yenye mfumo mpya, nikaibandika juu ya ile ya seva. Papo hapo ls ikagoma, cp ikagoma, sudo ikagoma. Zilizoitika ni cd na echo tu, kwa kuwa zimo ndani ya shell yenyewe, ile programu inayopokea amri. Karibu kila programu kwenye mashine inaegemea faili hilo moja, nalo halielewani na ld-linux (kipakiaji cha maktaba) ya toleo jingine. Ikabidi niwashe seva kwa flashi, nifungue kifurushi cha libc6 kwa dpkg-deb -x na kurudisha faili la asili, huku wanachama wamejipanga dirishani.

Anza kwa kupima. Amri ya ldd --version itakuonyesha ulicho nacho. Debian 12 ina 2.36. Kisha angalia programu inadai nini (objdump imo kwenye binutils):

objdump -T ./programu | grep GLIBC_2.38

Yangu ilitoa mstari mmoja tu: __isoc23_strtol. Hapo nikaelewa. Kazi ya strtol ni kugeuza maandishi kuwa namba, na ipo miaka nenda rudi. Ila ukikompaili (ukigeuza msimbo kuwa programu) kwenye mfumo wenye glibc 2.38 kwenda juu, mara nyingi hufungwa kwa jina hilo jipya. Programu haikuhitaji lolote jipya. Ilikompailiwa tu kwenye mashine yenye mfumo mpya kuliko wangu.

Basi kama msimbo wake unapatikana, ukompaili kwenye Debian 12 yenyewe. Dai la 2.38 litatoweka. Msimbo usipopatikana, iendeshe ndani ya kontena la Debian 13, lenye glibc 2.41:

podman run --rm -v "$PWD":/kazi -w /kazi docker.io/library/debian:13 ./programu

Kontena huja na maktaba zake. Kernel, yaani kiini cha mfumo, tu ndiyo ya seva.

Bookworm-backports, hazina ya ziada ya Debian 12 (bookworm), ina matoleo mapya ya programu nyingi, lakini glibc usiitafute humo. Na tafadhali usichomeke mistari ya trixie (Debian 13) kwenye sources.list, orodha ya hazina za programu, ya Debian 12. Utaomba kifurushi kimoja, apt ivute libc6 mpya na vingine nyuma yake, na kurudi ulikotoka ni kazi ngumu.

Mjumbe mmoja wa bodi aliniuliza kama 2.36 si hatari kwa fedha za watu. Nilimfungulia apt changelog libc6, kumbukumbu ya mabadiliko ya kifurushi hicho. Tundu la usalama la glibc lenye namba CVE-2023-4911, lililotangazwa Oktoba 2023, lilizibwa kwenye 2.36-9+deb12u3. Namba ya mbele haikusogea. Kiraka kiko kwenye ule mkia.