Kuchagua programu ya kupunguza uzito yenye sindano na kocha, hapa Dar es Salaam

Mimi ni mfamasia. Mwaka huu nilimsaidia shangazi yangu wa Mbagala kutafuta programu ya kupunguza uzito inayotoa dawa pamoja na kocha wa kumfuatilia, na tangu hapo ndugu na majirani wananiuliza tuliipataje. Hizi ndizo hatua, kwa mpangilio ninaousisitiza: dawa na watu kwanza, bei mwisho.

Hatua ya 1: Vipimo

Uzito, urefu, kiuno, presha, sukari. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, uwe na namba zako mkononi kabla hujaongea na muuzaji yeyote. Kwa kawaida sindano hizi ni za mtu mzima mwenye BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 30 na kuendelea, au 27 na kuendelea kama tayari ana presha, kisukari aina ya pili au tatizo jingine linalotokana na uzito. Anayetaka kupunguza kilo nne ili gauni la harusi limkae vizuri haihitaji dawa hii, na programu itakayompokea usiiamini hata kwako.

Hatua ya 2: Daktari

Omba jina kamili la daktari, ulitafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kisha sikiliza anakuuliza nini. Daktari makini atataka kujua kama kwenu kuna aliyepata saratani ya tezi ya shingo, hasa ile aina ya medula. Kama kongosho lako limewahi kuvimba. Kama una mawe kwenye nyongo. Kama una ujauzito au unautafuta, maana semaglutide, moja ya sindano hizi, huachwa angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango na kuandikiwa tirzepatide, sindano nyingine ya aina hii, anatakiwa aambiwe atumie kinga nyingine kwa wiki nne baada ya kuanza, na tena kila dozi inapopandishwa.

Halafu kuna dawa nyingine unazotumia. Shangazi alikuwa anameza glibenclamide ya kisukari. Ukiongeza semaglutide juu yake bila daktari kuipunguza, sukari inaweza kushuka mpaka mtu akazimia. Programu ya kwanza tuliyoiendea haikumuuliza chochote kuhusu dawa zake. Walitaka namba ya simu na muamala. Nikamwambia, "Shangazi, tuondoke," tukaondoka.

Hatua ya 3: Dawa inatoka wapi, na inakufikiaje

Hatua hii ilitula muda kuliko zote, na hapa silegezi.

Anza na jina. "Sindano ya kupunguza mwili" si jina la dawa. Unataka kusikia semaglutide (Ozempic, Wegovy), tirzepatide (Mounjaro) au liraglutide (Saxenda), na uone boksi lake. Ukishapata jina, litafute kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Uliza famasi gani inaitoa, na kama ina kibali cha Baraza la Famasi. Kibali hubandikwa ukutani, kwa hiyo nenda ukakisome. Hizi ni dawa za cheti. Hazinunuliwi kwenye duka la dawa muhimu, wala kwa mtu anayezipiga picha juu ya kitanda chake na kuziweka Instagram. Dai risiti yenye jina la dawa na namba ya toleo, kisha linganisha namba hiyo na iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye kalamu yenyewe, yaani kifaa cha kujichoma chenye umbo la kalamu. Zote tatu zifanane.

Nina sababu ya kung'ang'ania. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Mwaka 2023 huko Austria watu walilazwa hospitali sukari ikiwa imeshuka vibaya baada ya kujichoma kalamu zilizodhaniwa kuwa na insulini ndani. Kama nchi zenye udhibiti mkali zilipitiwa, sisi tusijiamini. Na zile chupa ndogo za unga ambazo unaambiwa uchanganye na maji nyumbani, uvute kwa bomba la sindano: usiziguse. Hujui ndani kuna nini, hujui kiasi, na hujui kama ni safi.

Sasa baridi. Kalamu ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na isigande kamwe. Ikiganda hata mara moja, itupwe. Hapa kwetu Januari hadi Machi jua la mchana linavuka nyuzi 30 bila shida, halafu dawa inatoka mjini kwenye mfuko wa kawaida, juu ya bodaboda, kwenye foleni ya Mandela. Programu nzuri itakueleza bila kusitasita inasafirishaje: kiboksi cha baridi chenye vifurushi vya barafu, na kitambaa au karatasi katikati ili kalamu isigusane na barafu. Wakikwambia "utaikuta poa tu", nenda ukaichukue mwenyewe na kiboksi chako. Mimi napendelea kwenda mwenyewe hata wanapojitolea kuleta.

Nyumbani, iweke rafu ya katikati ya friji, mbali na sehemu ya kugandisha. Mlangoni hapana, maana panapata joto kila mtu anapofungua kuchukua maji. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha usiku, usifungue friji ovyo. Kalamu uliyoanza kuitumia huvumilia zaidi: nyingi zinaruhusiwa kukaa chini ya nyuzi 30 kwa siku kadhaa, na idadi ya siku imeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi. Fuata hiyo karatasi, usifuate ya jirani mwenye dawa nyingine. Wapo wanaotumia mtungi wa udongo wenye maji. Unapunguza joto, ila unyevu wa hewa yetu ya pwani unaunyima nguvu, na kamwe haufikii baridi ya kuhifadhia kalamu mpya. Kabla ya kila sindano, tazama dawa kwenye mwanga. Semaglutide ni angavu kama maji. Ikiwa na ukungu au chembe, irudishe famasi.

Hatua ya 4: Ratiba ya dozi

Wakuonyeshe kwa maandishi. Semaglutide ya uzito huanza miligramu 0.25 kwa wiki, ikapanda kila baada ya wiki nne: 0.5, 1, 1.7, hadi 2.4. Anayekuahidi kufika juu mwezi wa pili anakutafutia matapishi. Uliza pia nani ana mamlaka ya kuizuia dozi isipande ukizidiwa na kichefuchefu.

Hatua ya 5: Kocha

Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa dawa hizi kwa unene uliokithiri, na likapendekeza ziambatane na usaidizi wa karibu wa chakula na mazoezi. Kwa hiyo kocha si pambo la kifurushi. Muulize mlo wa kesho. Akikuletea orodha ya vyakula usivyowahi kupika, hatakufaa. Ninayemtaka mimi anaanza na sufuria ya nyumbani: tonge la ugali lipungue, dagaa, samaki, mayai na maharage viongezeke, kwa sababu mwili unaopungua hupoteza na misuli. Atakuhimiza unywe maji hata usipohisi kiu, kwani kutapika na kuharisha kwenye joto la Dar kunaweza kuumiza figo. Na atajua mipaka yake: maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni ni safari ya hospitali usiku huohuo, si ujumbe wa WhatsApp. Kocha na daktari wasome faili moja. Wasipofahamiana, umenunua huduma mbili zisizojuana.

Hatua ya 6: Bei

Uliza gharama ya mwaka mzima, kwa dozi ya juu, pamoja na vipimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha waliotumia semaglutide ya miligramu 2.4 kwa muda wa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito, na waliochomwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Walipoacha dawa na ushauri, ndani ya mwaka mmoja walirudisha takribani theluthi mbili ya kilichopungua. Hivyo swali la fedha ni hili: nikiishiwa mwezi wa saba, mna mpango gani nami? Shangazi aliliuliza mwenyewe, na tukachagua waliomjibu kwa maandishi. Lipa mwezi kwa mwezi, na usisaini mkataba wowote unaokuahidi idadi ya kilo.